Hata Mbuzi Kaandikwa

Kitabu kilifika nyumbani kwetu Nizwa asubuhi ya Jumanne, kimefungwa utepe wa dhahabu kama sanduku la halwa ya harusi, na kabla ya adhana ya adhuhuri nilikuwa nimeshaapa kulipiza kisasi. Niliapa nimesimama wima, mkono juu ya friji, kwa sababu msahafu hauapiwi mambo kama haya na mimi najua mipaka yangu.

Jina langu Manar. Nina miaka kumi na sita. Wazee wangu walinipeleka shule ya bweni Unguja, ati nisije nikaipoteza lugha ya bibi yangu. Lugha sikuipoteza. Nilichopoteza ni imani ya walimu, baada ya kengele ya shule kutoweka siku ya mtihani wa hesabu na kuonekana jioni ndani ya pipa la mchele. Nilikuwa nyumbani kwa likizo. Barua ya mkuu wa shule kwa baba yangu nilikuwa nayo mimi, naihifadhi, isije ikapotea.

Kitabu chenyewe kiliitwa *Miaka Kumi, Maonyesho Kumi*, na kilikuwa historia ya Kampuni ya Opera ya Dakhiliyah na Sharqiyah. Msicheke. Tunayo opera. Ina ukumbi wake hapa Nizwa, ina waimbaji wanaolipwa mshahara, ina Wabulgaria wanane wa fidla wanaokaa ghorofani nyuma ya soko, na kila msimu wa baridi husafiri kwa basi mpaka Ibra na Sur. Mkurugenzi wake ni Ustadh Yaqoob, ambaye baba yake alizaliwa Pemba lakini yeye Kiswahili hukisema akiwa na shida tu.

Bibi yangu, Tufool binti Hud, alizaliwa Unguja mjini, akaja Oman bado kijana, na sanduku moja na nyimbo nyingi kuliko nguo. Kampuni ilipoanzishwa akachukuliwa kuwa mkumbushaji. Kazi yenyewe ni hii: mbele ya jukwaa pana kishimo chenye kifuniko cha mbao kilichobinuka kama gamba la kobe. Watazamaji hawaoni ndani. Humo hukaa mtu mmoja na kitabu cha maneno na taa ndogo. Mwimbaji akisahau, mtu huyo humtupia neno kabla ukimya haujafika safu ya kwanza. Kwa maonyesho yote kumi, mtu huyo alikuwa Bibi. Mwaka jana Ustadh Yaqoob akanunua skrini za kuonyesha maneno, akamshukuru Bibi kwa simu, dakika moja na nusu, na kishimo kikafungwa.

Hilo Bibi alilimeza. La kitabu ndilo lililomkwama.

"Manar, njoo unisomee," aliniita asubuhi ile. "Miwani yangu nadhani imechoka."

"Ukurasa upi, Bibi?"

"Wa majina."

Nikasoma. Waimbaji, mafundi wa taa, washona nguo, dereva wa basi, mpika kahawa. Katika onyesho la tatu, kule Ibra, palikuwa na mbuzi aliyepanda jukwaani akala karatasi nzima ya noti mbele ya macho ya mwongoza muziki. Mbuzi yule alikuwa na picha yake, na jina lake, Zaafarani, na shukrani za dhati za kampuni.

"Rudia."

Nikarudia, polepole, kidole kwenye kila jina.

"Mbuzi yumo?"

"Yumo, Bibi. Ukurasa wa kumi na nne."

"Na mimi?"

Nikageuza kurasa mbele, nikageuza nyuma.

"Karatasi yake nzito," Bibi akasema, akakifunga. "Wametumia karatasi nzuri." Akatoka kwenda kumwagilia mrehani wake, ambao alikuwa ameshaumwagilia alfajiri.

Sasa nieleze dhuluma yenyewe, maana hakimu hahukumu bila ya kusikia shauri.

Onyesho la tano liliitwa *Mjane wa Samad*. Ni hadithi ya mwanamke aliyerudi kutoka Zanzibar na kumkuta mumewe kaburini huko Samad Ash Shan, na mwishoni analia kwa wimbo mrefu wa Kiswahili. Mjane alikuwa Rumaitha, binti wa hapa Nizwa, mwenye sauti nzuri na asiyejua Kiswahili hata cha kuombea maji. Bibi alimfundisha neno kwa neno. Siku ya onyesho la Sur, Rumaitha akanywa laban, maziwa ya mgando, ya barafu saa tisa za mchana. Ilipofika zamu ya kilio, sauti ikawa kama bawaba ya mlango wa banda. Wabulgaria wameshaanza, na mjane amesimama kinywa wazi.

Bibi akaimba. Humo humo kishimoni, chini ya kifuniko, akaimba kilio chote mwanzo mpaka mwisho, na Rumaitha juu akawa anachezesha midomo. Kinasa sauti kilikuwa kimewekwa juu ya kishimo. Watu wa Sur walilia mpaka wanaume wakafuta macho kwa ncha za vilemba, na kurekodi kule ndiko kulikoipa kampuni jina mpaka Maskati na ng'ambo.

Siku ya pili yake Ustadh Yaqoob alikuja kwetu. "Mama Tufool, tukisema sasa tutamwaibisha mtoto wa watu. Lakini ikitimia miaka kumi nitatoa kitabu, na sauti ile itaandikwa kwa jina lako. Wallahi." Alisema kwa Kiswahili, kwa hiyo Bibi akaamini.

Akangoja miaka mitano. Ukurasa wa ishirini na tatu: "Sauti ya dhahabu ya Rumaitha."

Lakini kilichonipa silaha ni ukurasa wa tatu. Usiku wa onyesho la kwanza kabisa, *Harusi ya Falaj*, watu wa Nizwa hawakujua opera huisha vipi. Waimbaji wakainama, wakaondoka, wakarudi, wakainama tena, mara saba. Watu wakabaki vitini kwa adabu, maana mwenyeji hajawaruhusu. Mzee mmoja akauliza chakula kitaletwa lini. Basi Bibi, kishimoni, akachukua bakora yake akagonga mara tatu bomba la maji lipitalo chini ya jukwaa mpaka chumba cha nyuma, alikokuwa Khalaf mpika kahawa, akapiga ukelele: "Khalaf! Toa udi!" Khalaf akatoka na chetezo kinafuka. Mambo yakaisha hapo hapo, kwa sababu wazee wa nchi hii wana msemo: baada ya udi hakuna kukaa. Mgeni akishafukizwa huinuka, hushukuru, huenda kwao. Tangu siku hiyo mapigo matatu ndiyo mwisho wa kila onyesho. Khalaf haangalii jukwaa wala simu. Huangalia makaa yake na kusikiliza bomba.

Na kitabu kilisemaje? "Desturi ya udi ni ubunifu wa Ustadh Yaqoob peke yake, na hakuna chetezo kitokacho katika kampuni hii bila ya amri yake."

Niliisoma sentensi hiyo mara nne. Wako watu hujichimbia kaburi kwa jembe. Huyu alijichimbia kwa kalamu.

Sherehe ya miaka kumi ilikuwa Alhamisi baada ya alasiri. Jumatano nilifungua mahakama chumbani kwangu. Mimi nilikuwa hakimu na mwendesha mashtaka. Utetezi nikampa paka, naye akalala. Hukumu ikawa ya huruma: mshitakiwa apewe nafasi ya mwisho. Katika hotuba yake atasoma maonyesho yote kumi. Akifika la tano akimtaja Tufool binti Hud, nitarudi kitini kama binti mwema. Asipomtaja, basi.

Bibi alipewa kiti safu ya kumi na mbili, nyuma ya nguzo. Nikamkalisha, nikamwekea mto mgongoni.

"Unakwenda wapi?"

"Msalani, Bibi."

"Na mwiko wangu wa pilau?"

"Mwiko gani?"

Bibi akanitazama, kisha akaitazama nguzo. "Nenda basi. Usikawie."

Kishimo kina mlango mdogo chini ya jukwaa. Nikatambaa mpaka ndani, nikawasha taa ya simu. Mto wa Bibi bado ulikuwapo, umeliwa na panya pembeni. Na upande wa ndani wa kile kifuniko, kinachosafiri na kampuni popote iendapo, niliona alichokuwa akikifanya miaka yote ile. Majina ya waimbaji kwa penseli, na mbele ya kila jina mistari midogo: mstari mmoja kwa kila neno alilomwokolea mtu. Rumaitha mistari kumi na tisa. Mistari ya wengine ilikuwa mitano, sita. Na Ustadh Yaqoob, ambaye katika onyesho la pili alijipa mwenyewe nafasi ndogo ya kadhi mwenye maneno machache, mistari arubaini na moja.

Nilikaa mle nikasahau hata kucheka.

Juu yangu hotuba ikaanza. Kwenye ufa wa kifuniko nilimwona mgeni rasmi kutoka Maskati safu ya mbele, ngao ya heshima mapajani, tayari kumkabidhi Ustadh. Kila mtu Nizwa alijua kuwa kuna cheo kikubwa cha sanaa Maskati kinangoja mtu, na kwamba Ustadh Yaqoob ameshashona joho jipya. Akasoma la kwanza. La pili. La tatu, na mbuzi akapigiwa makofi. La nne, *Nyumba ya Udongo*, tulilolipeleka Al Hamra na ukuta wa jukwaa ukaangukia ngoma.

"Na la tano," akasema, "Sur." Akageuza karatasi. Nikashika mwiko. Wallahi nilimwombea. "Sur, ambako dunia iliisikia kwa mara ya kwanza sauti ya dhahabu, sauti ya binti yetu Rumaitha!"

Makofi. Nami nikagonga bomba. Moja. Mbili. Tatu.

Khalaf, Mungu amweke, hakuchelewa hata pumzi tano. Mlango wa nyuma ukafunguka, akaingia na chetezo kinatoa moshi kama treni, na kama kawaida akaenda moja kwa moja kwa mgeni mkubwa. Mgeni alishangaa. Niliona uso wake unashangaa. Lakini mikono ilikuwa imeshaanza: akauvuta moshi kwenye ndevu, akaupitisha chini ya joho, na miguu ikamwinua. Mgeni rasmi akiinuka, safu ya mbele haiwezi kukaa. Safu ya mbele ikiinuka, ya pili itakaaje? Ukumbi mzima ukasimama, watu wakipeana mikono na kusema alhamdulillah.

"Bado!" Ustadh Yaqoob akapiga kelele, na kwa hofu Kiarabu kikamtoka kichwani. "Jamani, bado! Kaeni! Yamebaki maonyesho matano!"

"Ahsante mwanangu," akamjibu mama mmoja wa Unguja, anajitanda vizuri. "Tumeshiba. Umetukirimu."

"Lakini Rumaitha hajaimba!"

"Mungu akuzidishie."

Mgeni rasmi akaiweka ngao juu ya kiti, kama mtu anayeacha gazeti alilolimaliza, akatoka. Wabulgaria, ambao hakuna aliyewaambia wanyamaze, waliendelea kupiga.

Nilipotambaa nje nikachungulia, katika viti mia nne alikuwa amebaki mtu mmoja. Bibi hakuinuka. Yeye ndiye aliyeitunga sheria, na alijua kuwa hakuna aliyeinama bado. Ustadh Yaqoob akamshukia safu ya kumi na mbili, akiliburura joho.

"Umenifanyia nini, Mama Tufool?"

"Mimi?"

"Khalaf kasikia mapigo yako!"

"Watu mia nne wameniona nimekaa hapa nyuma ya nguzo uliyonichagulia." Bibi alifungua mkoba, akatoa kitabu, akakifungua polepole. "Na hebu tazama. Mkumbushaji hayumo. Kishimo hakimo. Bomba halimo. Mimi simo, Yaqoob. Mtu asiyekuwepo atatoaje udi?" Akaweka kidole ukurasa wa tatu. "Humu pameandikwa nani anatoa amri. Basi waambie ulitoa wewe."

Hapo ndipo nilipojua kuwa mimi, pamoja na mwiko wangu, nilikuwa mwanagenzi tu.

Siku ya nne ikaja barua kutoka ofisi ya mgeni rasmi. Ilikuwa na adabu nyingi, na barua za adabu nyingi ndizo mbaya. Waliuliza ni nani aliyeamuru mheshimiwa atolewe ukumbini katikati ya hotuba, kwa kuwa kitabu cha kampuni kinasema amri hiyo ni ya mtu mmoja tu.

Siku ya tano Ustadh Yaqoob alikuwa mlangoni kwetu na sanduku la halwa.

"Shikamoo, Mama Tufool."

"Marahaba. Leo umekuja na Kiswahili."

Akaketi ukingoni mwa kochi. Mimi nikamletea kahawa na sura ya mtu anayehudhuria matanga. "Mama, nisaidie. Wakiamini ni mimi, nimemtukana mgeni wangu. Nataka uniandikie tu kwamba bomba ni lako, mapigo ni yako, udi ni wazo lako. Kwamba ni mambo yako ya zamani, na mtu kayachezea."

"Tangu lini ni mambo yangu?"

"Tangu onyesho la kwanza."

"Kwa hiyo onyesho la kwanza nilikuwepo."

"Ulikuwepo, mama."

"La pili?"

"Ulikuwepo."

"La pili nakukumbuka vizuri, kadhi. La tatu?"

"Ulikuwepo."

"Na Zaafarani. La nne?"

"Ulikuwepo."

"La tano?"

Akatazama kikombe. Kahawa ya Oman ni mafunda mawili, lakini yeye aliitazama kama kisima.

"Usinijibu hapa," Bibi akasema. "Hapa pana mimi, wewe na mtoto huyu asiye na haya. Utanijibu Sur, mbele ya waliosikia. Utachapisha kitabu upya, kila onyesho na jina langu, na utalipeleka *Mjane wa Samad* Sur, na kabla ya pazia utasimama usome ukurasa wa ishirini na tatu kama unavyotakiwa kuwa. Ukikubali, leo hii naandika barua. Aliyegonga ni mtu wa nyumbani kwangu na adabu nitamtia mimi."

"Na nikikataa?"

"Basi simo."

Alikubali. Alipoondoka Bibi alinigeukia. "Pigo la tatu lilikuwa na pupa."

"Bibi, sijui unazungumzia nini."

"Mimi la tatu hulichelewesha kidogo, wajue ni mwisho. Na mwiko wangu una kutu ya bomba." Adhabu yangu ilikuwa kusugua vyetezo vyote vya ukumbi kwa majivu, kumi na viwili, na kumwandikia mgeni rasmi barua ya kuomba radhi kwa Kiarabu fasaha. Niliiandika kwa moyo safi. Yeye hakunikosea kitu. Cheo cha Maskati, nisisahau, alipewa mtu mwingine, mama mmoja mpole anayesemekana hapendi hotuba.

Wiki tatu baadaye tulikwenda Sur kwa basi la kampuni. Bibi alikataa kiti cha safu ya mbele. Alitaka kishimo. Kifuniko chake kikafungwa mahali pake, naye akaingia, na mimi nikakaa miguuni pake kumshikia taa. Ukumbi ulijaa. Wengi walikuwa wale wale waliolia miaka mitano nyuma, na wamekuja na watoto wao walie tena.

Ustadh Yaqoob akatoka na ukurasa mpya. Rumaitha alisimama nyuma yake katika nguo nyeusi za mjane, macho chini. Kabla ya kutoka alikuwa ameinama kishimoni akaubusu mkono wa Bibi, na Bibi akamwambia kitu kimoja tu: "Leo hujanywa laban?"

"Watu wa Sur," Ustadh akasoma, "sauti mliyoisikia hapa, mkaililia, haikuwa ya Rumaitha. Ilikuwa sauti ya…"

Akasimama. Jina lilikuwa mbele yake, limepigwa chapa nyeusi. Midomo ikafunguka, ikafumba. Labda ilikuwa aibu, labda kiburi chake cha mwisho. Kutoka chini tuliona kidevu tu.

Nilimtazama Bibi. Kazi yake yote ilikuwa kuuzuia ukimya usifike safu ya kwanza. Huu aliuacha. Ukafika safu ya kwanza, ukapita, ukafika katikati, mtoto akakohoa, ukaenda mpaka mlangoni wanakosimama waliokosa viti. Bibi alikuwa ametulia, mikono mapajani, kama mtu anayengoja wali ukauke maji.

Kisha akamtupia neno, kwa ile sauti yake ya chini inayofika kila mahali.

"Tufool binti Hud."

"Tufool binti Hud," akasema Ustadh Yaqoob.

Nikasikia viti vinalia juu yetu, watu wanainuka mmoja mmoja, bila ya udi. Bibi hakutazama juu. Alitoa penseli kwenye mkoba, akailamba ncha, akaniashiria nisogeze taa, na mbele ya jina la kadhi akachora mstari wa arubaini na mbili.